Nukta ya Kumi na Tatu

Ushirombo,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Kwa kaka Mabula,

Shikamoo. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea. Fizikia ya kidato cha tano ni ngumu kuliko nilivyotegemea, lakini sijashindwa. Natumaini kazi ya kubeba mawe huko Mwakitolyo inakwenda vizuri na trekta halisumbui.

Nakuandikia kuhusu tela. Mvua zinaelekea kukata. Wakati kama huu baba alilisimamisha siku mbili kila mwaka, kabla pamba haijaanza kubebwa, hata kama watu walikuwa wamepanga foleni mlangoni. Alilipandisha juu ya magogo, akavua magurudumu yote mawili, akaosha beringi kwa mafuta ya taa na kuzijaza grisi mpya, kwa sababu tope la masika huingia hadi ndani. Alipomaliza alichukua kopo la rangi nyeupe akaweka nukta moja kwenye kifuniko cha kati cha gurudumu la kulia. Mwaka mmoja, nukta moja. Zimefika kumi na mbili. Ya kumi na mbili niliiweka mimi, mwezi wa tano mwaka jana, baba akiwa ameketi kwenye kigoda chake, macho yake yakiwa yameshapungua. Huu ni mwaka wa kwanza tangu tumzike.

Wewe unajua watu wa kwetu Samuye hawaulizi kama tela limekaguliwa. Wanazunguka upande wa kulia, wanatazama. Mama Bhoke muuza dagaa huzihesabu kwa kidole kabla hajainua mguu, na akifika mwisho husema, "Haya, marehemu hadanganyi." Alimwita hivyo kwa utani hata baba alipokuwa hai, na baba alicheka.

Mei Mosi kwaya ya kigango inakwenda parokiani na tela letu. Mama atakuwemo, na mdogo wetu Vumilia. Naomba uliangalie kabla ya siku hiyo, magurudumu yote mawili. Naomba unijibu.

Mdogo wako,
Paskazia Ngusa

*

Mwakitolyo,
11/4/2025

Paskazia,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa Amosi, kondakta wa basi. Amenikabidhi mbele ya vijana wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, nao wakasema Mabula ana mchumba anayeandika kwa rula. Nimewaambia ni mdogo wangu, mkaguzi mkuu wa matela ya kanda ya ziwa.

Tela nimeshalifanyia. Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani siku mbili. Nukta ya kumi na tatu ipo, nyeupe, kubwa kuliko zako. Mwambie Mama Bhoke aje na miwani.

Sasa soma fizikia yako. Huku hakuna mtu anayesubiri barua kutoka shule ili aendeshe trekta. Mawe ya duarani, kwenye shimo la dhahabu, hayajibebi, na wenye duara hawataki kusikia habari ya magogo. Tangu baba aondoke, anayelisha nyumba ile ni mimi na tela hilo hilo. Linanibeba, nami nalijua.

Usiniandikie tena "naomba unijibu" kama barua ya serikali.

Kaka yako,
Mabula

*

Samuye,
Jumatano, tarehe 16 mwezi wa nne

Kwa dada Paskazia,

Shikamoo dada. Mimi ni Vumilia, naandika kwa niaba ya mama. Simu ya mama imeingia maji ya mvua, tukaiweka kwenye mchele, mchele umeharibika na simu haijapona. Kwa hiyo ni barua tu.

Mama anasema ng'wanawane, mwanangu, hujambo. Anasema ule, usiwe unaacha uji. Anasema mahindi ya bondeni yamezaa, ya juu yamekauka. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Kwaya tunafanya mazoezi kila jioni, mimi nimepewa kayamba. Tutakuwa watu kumi na wanane kwenye tela.

Kaka Mabula alikuja, akakaa siku mbili, akarudi Mwakitolyo. Mama anasema niandike kwamba kibuyu chake cha mafuta ya ng'ombe kimeisha ghafla. Alikiacha kimejaa tangu Krismasi. Kaka alisema amepaka miguu, kwa sababu vumbi la machimbo linapasua ngozi. Mama anasema labda ana miguu minane.

Halafu dada, kitu cha kuchekesha. Tangu siku ile mbwa wote wanalifuata tela. Kaka alipolileta tena Jumamosi iliyopita walikuja hadi mbwa wa kwa mzee Sostenes, wakawa wanalamba magurudumu katikati, pale kwenye vifuniko. Walilamba mpaka kikachuruzika kitu cha njano. Mama alicheka akasema Mabula amekuwa mtakatifu, hata mbwa wanamsujudia. Kaka hakucheka. Aliwapiga mawe.

Nukta ya kumi na tatu nimeiona. Ni kubwa lakini imepinda, na chini yake kuna vumbi. Nilikwangua kidogo kwa ukucha ikatoka na mchanga. Usimwambie.

Mama anasema Mungu akulinde. Mimi nasema rudi na kalamu za rangi.

Wako,
Vumilia
(na mama)

*

Ushirombo,
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mabula,

Shikamoo naiandika kwa sababu mama ananiuliza kila mara kama nakuamkia.

Mbwa hawalambi grisi. Hakuna mbwa wa Samuye anayelamba grisi, wala wa Mwakitolyo, wala wa mahali popote. Mbwa wanalamba mafuta ya ng'ombe. Umebandua vifuniko kwa bisibisi, umeshindilia mafuta ya kibuyu cha mama, umegonga vifuniko mahali pake, na juu ya vumbi ukapaka rangi. Hukuvua gurudumu hata moja. Kama ningekuwa nimekosea ungesema leo kwenye simu. Matroni aliniazima simu yake baada ya misa. Ulipokea, ukasikia neno "mbwa", ukasema mtandao wa Mwakitolyo ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilisikia hadi karasha zikisaga nyuma yako.

Najua ulichofikiri. Ulifikiri mkokoteni wa babu. Babu alipaka mafuta ya ng'ombe kwenye ekseli na mkokoteni haukulia. Lakini ekseli ya babu ilikuwa mti, na ng'ombe wawili hutembea polepole kuliko mama akienda kisimani. Tela linavutwa na trekta, likiwa na mawe. Beringi ni chuma juu ya chuma, na ikizunguka inapata moto. Mafuta ya ng'ombe yakipata moto yanakuwa maji. Yanatoka, na yanapotoka yanaondoka na grisi ya mwaka jana iliyokuwa imebaki. Umelifanya tela kuwa bovu kuliko kama usingeligusa kabisa. Ungekuwa mvivu tu, ingekuwa nafuu.

Lakini hasira yangu haiko kwenye mafuta. Iko kwenye nukta. Mafuta ni ujinga, na ujinga unafundishika. Nukta ni neno la baba. Kwa miaka kumi na miwili watu ambao hawajui kusoma walisoma kitu kimoja tu kwenye tela letu, na hakikuwahi kuwadanganya. Wewe umekichukua ukaandika uongo kwa mwandiko wake. Na walioamini ni mama, Vumilia, Mama Bhoke na kwaya nzima.

Baba alitufundisha. Huwezi kusema hukujua.

Sijamwandikia mama. Nilianza nikachana karatasi. Nataka umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na ulifungue tela kabla ya Mei Mosi. Ukishindwa kulifungua, kwaya watembee. Sauti zao hazitapotea njiani.

Nakupa nafasi hii kwa sababu wewe ni kaka yangu. Sitaki unishukuru.

Paskazia

*

Mwakitolyo,
25/4/2025

Paskazia,

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya tela lenyewe, juu ya mawe, kwenye jua. Nimeisoma mara mbili. Unaandika vizuri. Baba angefurahi. Unaandika kama mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto wa mwisho darasani.

"Baba alitufundisha." Nani, sisi? Hebu kumbuka vizuri, wewe mwenye kumbukumbu. Siku ile kila mwaka, magogo yakishawekwa na jeki ikishapanda, mimi nilikuwa wapi? "Mabula, peleka ng'ombe bwawani." Mwaka wa kwanza, bwawani. Mwaka wa pili, bwawani. Na ng'ombe walikuwa wameshakunywa. Nikirudi jioni nawakuta mmemaliza, wewe una grisi hadi kwenye kope, baba anakufuta kwa kitambaa chake cha kanisani. Mimi naambiwa, tela liko tayari, kesho endesha.

Kwa hiyo neno hilo usiniandikie tena. Niliendesha. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na nimeifanya tangu nina miaka kumi na sita bila kuua mtu.

Unanipa nafasi. Asante, mheshimiwa. Nitalifungua tarehe 29, nimeshaomba ruhusa kwa wenye duara. Mama usimwandikie. Nitamwambia mimi. Umeridhika?

Mabula

*

Samuye,
Jumatatu, 5 Mei 2025

Paskazia,

Mwandiko huu ni wangu, Mabula. Maneno ni ya mama. Yeye anasema kwa Kisukuma, mimi nageuza kwa Kiswahili. Amesema nikibadilisha hata neno moja atajua, kwa sababu Vumilia amelala hapa kwenye mkeka na nikimaliza atamsomea.

Mama anasema:

Ng'wanawane, kwanza hatujafa. Andika hilo kwanza mtoto asizimie.

Alhamisi tulipanda watu kumi na wanane na ngoma mbili. Mama Bhoke alihesabu, akafika kumi na tatu, akasema, "Haya, marehemu hadanganyi," akapanda. Tukaimba. Tulipofika mteremko wa daraja dogo kukawa na harufu ya nyama ya kuchoma. Tulicheka. Mmoja akasema parokiani wameshaanza kupika, wengine wakaongeza sauti ili wafike mapema. Halafu nikaona gurudumu linatupita. Nililiona kwa macho yangu, limetangulia mbele ya trekta, linakimbia lenyewe barabarani kama mtu anayejua anakokwenda. Nikajiuliza gurudumu la nani hilo. Kisha tela likalala upande wa kulia.

Vumilia amevunjika mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Walimwangukia watu watatu. Amefungwa plasta hospitali, hatashika kalamu wiki sita, ndiyo maana kalamu ameishika huyu. Mama Bhoke ameng'oka meno mawili ya mbele. Wengine ni michubuko. Ngoma moja imepasuka.

Sasa andika, Mabula: Mimi Mabula nilichukua mafuta ya mama yangu nikasema napaka miguu.

Nimeandika.

Andika: Nilipaka rangi ya uongo, na Mama Bhoke ameihesabu kwa kidole chake.

Nimeandika.

Andika: Mimi ni mjinga.

Nimeandika. Anasema niandike kwa herufi kubwa. MIMI NI MJINGA.

Na wewe, Paskazia, usikae huko ukifurahi. Niliosha koti la Mabula lenye damu ya mdogo wako, nikakuta barua mfukoni. Vumilia kanisomea kwa sauti, akilia kwa maumivu. Ya Pasaka. Kwa hiyo ulijua. Ulijua siku kumi na moja kabla. Ukamwandikia yeye, ukampa nafasi. Mimi, ninayepanda tela, sikustahili hata mistari miwili. Nimeuza ng'ombe ukasome ili upate maneno ya kunificha? Alinifumba macho mmoja, mkanifumba macho wawili. Mbwa waliniambia ukweli kuliko watoto wangu, na mimi nikawacheka.

Fundi wa Tinde amekuja kulitazama. Anasema ekseli imenusurika, ila beringi zimekuwa nyeusi kama makaa. Amesema atalitengeneza. Nimemkatalia. Beringi mpya alete, tela asiliguse. Nyumba hii ina mtu anayejua kazi hiyo, na ina mtu anayetakiwa aijue. Malizaneni.

Mama amekwisha. Ametoka nje kukamua ng'ombe.

Sasa ni mimi.

Tarehe 29 nililipandisha kwenye magogo kama nilivyokuahidi. Nikabandua kifuniko cha kulia. Mafuta karibu yote yalikuwa yameshatoka, umebaki utando mwembamba tu. Nikaona nati, na pini iliyopindwa imepita katikati yake. Nilikaa mbele yake tangu asubuhi hadi saa nane mchana na spana mkononi. Sikuwahi kuona ndani ya gurudumu lile maishani mwangu, Paskazia. Niliogopa kwamba nikifungua vitamwagika vyuma nisivyojua mahali pake, na Alhamisi imefika. Watu walipita wakasema, "Kazi nzuri, Mabula, unafanya kama baba." Nikaitikia asante. Nikarudisha kifuniko.

Nikajiambia, mwendo mdogo tu, hadi parokiani na kurudi.

Ningeweza kukuuliza. Barua yako ilikuwa mfukoni. Niliisoma tena nikitafuta sehemu ya kuanzia. Haikuwemo. Uliniandikia mimi ni mtu wa namna gani, kurasa mbili. Namna ya kufungua nati hukuandika. Na mimi kukuandikia wewe, mdogo wangu wa kike, nifundishe: nilishindwa. Nilipendelea uniite mwongo kuliko ujue kwamba sijui.

Vumilia anasema niandike kwamba mkono unawasha ndani ya plasta, na kwamba kayamba limepona.

Mabula

*

Ushirombo,
Ijumaa, 9 Mei 2025

Kaka Mabula,

Barua yako ilifika jana mchana. Sikula. Mwalimu Thobias wa fizikia aliniuliza nina nini, nikamwambia ni msiba. Akauliza nani amefariki, nikasema hakuna. Akaniruhusu nikae maktaba.

Bado nimekasirika. Naandika wazi ili usidhani nimelainika kwa sababu ya mkono wa Vumilia au kwa sababu umekiri. Uliitikia asante. Nikikumbuka hapo, kalamu inatoboa karatasi.

Nimejikasirikia mimi pia. Mama amesema kweli. Nilitaka kukushinda, na nilitaka ukiri, nikaviweka vyote viwili mbele ya usalama wa mama. Yeye nimemwandikia barua yake peke yake, nimeifunga kwa gundi. Vumilia amsomee, wewe usiwepo.

Na nimemkasirikia baba, na sijui Amosi wa basi anaweza kuipeleka wapi barua ya kumwambia. Kuna jambo hukuambiwa. Nilikuwa na miaka saba nilipoanza, kwa sababu mkono wangu uliingia ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, na wa baba haukuingia. Nilimuuliza, "Na kaka?" Akasema, "Mabula ana nguvu mno, atakaza nati hadi beringi ife." Ulikuwa na miaka kumi na minne. Pengine kweli ungekaza mno. Lakini hakuna aliyekupa spana hata ulipofikisha kumi na sita, wala ishirini. Nilikaa na neno hilo miaka yote nikidhani ni sifa yangu. Ilikuwa ni wewe kunyimwa.

Sasa soma. Vumilia akae kwenye kigoda cha baba akusomee, kwa sababu mikono yako itakuwa na grisi.

Siku ya kwanza. Tela liwe tupu, mahali pa tambarare. Weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu ambalo hufungui. Jeki iwe chini ya ekseli, siyo chini ya mbao, na ukishainua weka magogo. Jeki haiaminiki. Usiingize hata mguu chini kabla ya magogo. Legeza nati za gurudumu kabla hujainua, kwa sababu likiwa hewani litazunguka na wewe.

Kwenye habu: kifuniko, kisha pini. Inyooshe kwa koleo, ivute. Usiitumie tena, pini iliyopindwa mara mbili hukatika. Fungua nati kubwa. Shika habu kwa mikono miwili, ivute taratibu, beringi ya nje itakuja mkononi kama yai. Iweke kwenye kitambaa safi, siyo chini. Hakuna kitakachomwagika. Ulichokiogopa hakipo. Humo ndani mna beringi mbili tu, ndogo nje na kubwa ndani, na sili ya kuzuia grisi isitoke nyuma. Hivyo tu. Ungeniuliza ningekujibu kwa mistari sita.

Habu na ncha ya ekseli vioshwe kwa mafuta ya taa, mara mbili. Mafuta ya ng'ombe yote yatoke, usiache hata harufu. Pitisha kidole palipokaa beringi. Kama kidole kinakwama mahali, mwite fundi wa Tinde, usiwe na aibu. Aibu imeshatugharimu.

Grisi: weka donge kwenye kiganja cha kushoto, chukua beringi kwa mkono wa kulia, ukandamize ukingo wake kwenye donge hadi grisi itokeze upande wa pili. Zungusha, rudia, mpaka umemaliza mzunguko. Ni kama kuchota ugali. Kupaka juu siyo kujaza.

Kurudisha: kubwa, sili mpya, habu, ndogo, nati. Hapa ndipo baba alipokuogopa. Kaza huku unazungusha gurudumu kwa mkono mwingine, mpaka liwe zito kuzunguka. Kisha rudisha nyuma kidogo, hadi tundu lipatane na pini. Weka pini mpya, ipinde. Gurudumu lizunguke lenyewe likisukumwa, na ukilishika juu na chini ukalitikisa, lisicheze.

Nati za gurudumu kaza kwa kuvuka, ya huku kisha ya ng'ambo, siyo kwa kufuatana. Siku ya pili ni upande wa pili, halafu mkono wa tela: tazama tundu la pini ya trekta kama limeliwa, tazama maungio ya chuma kama yana ufa, na mnyororo wa akiba uwepo. Mbao za sakafu zikanyage moja moja.

Umeona? Siyo siri. Ni siku mbili.

Tunafunga shule Ijumaa, tarehe 30 Mei.

Paskazia

*

Samuye,
Jumapili, 18 Mei 2025

Paskazia,

Hukuniamkia, na shikamoo sikuidai.

Nimefungua. Jana na juzi. Wenye duara wa Mwakitolyo walipiga simu, nikawaambia tela liko kwenye magogo, wakakata. Huenda wamempata mwingine.

Vumilia alikaa kwenye kigoda, plasta juu ya mto, akasoma kama padri. Kila akimaliza sentensi ananiuliza, "Umeelewa, mwanafunzi?" Nisipojibu anarudia. Majirani wamesikia kila kitu. Mzee Sostenes alileta kiti chake. Pale uliposema "kupaka juu siyo kujaza", Vumilia alisoma mara tatu bila kuombwa.

Beringi ya nje ilikuja mkononi kama ulivyosema. Niliishika nikasimama nayo. Kitu kidogo hivyo. Miaka yote niliyopeleka ng'ombe bwawani nilidhani mna kitu kikubwa humo ndani.

Nilikwama sehemu moja. Umeandika "kisha rudisha nyuma kidogo". Kidogo ni kiasi gani? Nilirudisha, gurudumu likacheza. Nikakaza, likawa zito. Mara nne. Vumilia alisema barua haina jibu. Nikatupa spana. Mama alikuwa jikoni, hajaniongelesha tangu tarehe 5 isipokuwa "kula". Akasema kutoka mlemle ndani, "Zungusha." Nikazungusha. "Bado. Linalalamika." Nikarudisha kidogo. "Zungusha." Nikazungusha. Akasema, "Hapo. Baba yenu alikuwa akiliacha lisikike hivyo." Amelisikiliza miaka kumi na miwili akipika, na hakuna aliyemuuliza.

Nikaweka pini.

Nimelikasirikia jina la baba siku mbili hizi kuliko siku zote nilizokuwa sijui. Nilipokuwa natoa grisi kwenye kucha nikasema maneno ambayo mtu hamwambii marehemu. Mama alinisikia, hakunikataza. Na wewe bado nimekukasirikia. Ungeweza kunionyesha kwa siri siku yoyote, nikiwa nimerudi bwawani. Lakini na mimi ningeweza kurudi mapema.

Nukta ya kumi na tatu nimeikwangua kwa kisu mpaka chuma. Zimebaki kumi na mbili. Leo baada ya misa Mama Bhoke alikuja, akazunguka upande wa kulia akahesabu. Sasa hivi, bila meno ya mbele, akihesabu sita na saba zinapuliza upepo. Akafika kumi na mbili, akanitazama.

"Umelifungua au hujalifungua?"

Nikamwambia nimelifungua, magurudumu yote mawili, majirani ni mashahidi.

"Mbona huandiki?"

Nikamwambia sipaki mimi. Mwenye kupaka anarudi tarehe 30.

Akatikisa gurudumu kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anataka kuling'oa. Halafu akasema atakwenda mnadani kwa miguu mpaka tarehe hiyo, na asidhaniwe amenisamehe.

Tela halijatoka kwenye magogo. Gurudumu la kushoto nimelifunga, ila pini yake sijaipinda. Uje na wewe uvute, utazame ndani, uone kama nimejaza au nimepaka. Ukikuta kosa, useme mbele ya mama na mbele ya mzee Sostenes na kiti chake.

Kopo la rangi liko kwenye rafu ya baba. Sijalifungua tena.

Mabula